Saa ya Bahari: Kuendesha Gari Taratibu Kando ya Pwani

Anayepanga safari ya pwani kwa kawaida huanza na ramani. Hutia alama kwenye miji anayotaka kuiona, hujumlisha kilomita, hugawa kwa idadi ya siku, akaona kazi imekwisha. Ratiba ya namna hiyo huvunjika siku ya pili. Bandari aliyotaka kuona mashua zikiingia anaifikia ikiwa tope tupu, ufukwe uliomvuta umefunikwa na maji hadi kwenye majabali, na barabara ya kwenda kisiwani imezama. Karatasi ya kwanza ya kushika ni jedwali la maji kujaa na kupwa. Ramani ni ya pili.

Sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Maji yakipwa leo saa 4:00 asubuhi, kesho yatapwa karibu saa 4:50, na baada ya wiki moja, saa ileile ya 4, utayakuta yamejaa. Kwa safari ya siku kumi na nne hesabu hii ndogo ndiyo inayoamua mpangilio wa miji. Kama asubuhi za wiki ya kwanza maji yako mbali, huko ndiko pa kuweka miji yenye fukwe pana za kutembea na miamba yenye vidimbwi. Bandari ndogo, ambazo mashua haziwezi kuingia mpaka maji yapande, zisubiri wiki ya pili.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, huwa bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Liko jambo ambalo wavuvi wa kila bandari wanalijua na wasafiri wengi hawalijui: mahali pamoja, bamvua hupwa karibu saa zilezile, mwezi baada ya mwezi. Ukishajua kwamba bandari fulani maji ya bamvua hukauka adhuhuri, umejua pia kwamba ukija mwakani mwezi ukiwa mpevu utakuta hivyohivyo. Kwa hiyo mji ambao uzuri wake ni mchanga unaoonekana maji yakienda mbali kabisa, upange kwa mwezi kwanza, tarehe ya kalenda ifuate.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ugawe muda wa kupanda katika saa sita, na kimo chote katika sehemu kumi na mbili. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Chukua tofauti ya mita 3.6 kati ya kupwa na kujaa: saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu pekee hupanda sentimita 90, na ya nne 90 nyingine. Hapo ndipo watu wanaponaswa. Mtu hutembea hadi kwenye kijighuba nyuma ya rasi maji yakiwa yamekauka, hukaa saa mbili akiona bahari iko palepale, kisha ndani ya muda mfupi njia ya kurudi imekatika. Kanuni hii ni makadirio, na pale penye vinywa vyembamba vya hori mambo hubadilika, lakini inatosha kumfundisha mtu aangalie mgongo wake kabla ya saa ya tatu.

Makosa ya kusoma jedwali ni yaleyale kila mahali. La kwanza ni kutumia jedwali la bandari kubwa iliyo kilomita 80 mbali. Tofauti inaweza kufika saa nzima au zaidi. La pili ni saa yenyewe: nchi zinazobadili saa wakati wa kiangazi zina majedwali yanayochapishwa bila badiliko hilo, na msafiri hukosea kwa dakika 60 kamili. La tatu ni kusahau hali ya hewa. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali moja, bahari hupanda takriban sentimita moja, na upepo mkali unaovuma kuelekea nchi kavu huongeza zaidi. Siku ya dhoruba jedwali husema kidogo kuliko ukweli. Na kabla ya kuhangaika na haya yote, jua bahari uliyo nayo. Sehemu kubwa ya Mediterania maji husogea kidogo mno kiasi cha kutobadili mpango wa mtu. Katika Ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti hufikia mita 16. Sehemu za Ghuba ya Meksiko hupata kujaa kumoja tu kwa siku.

Barabara zinazozama ni kivutio halisi cha safari za namna hii, na ndizo zinazoharibu magari. Passage du Gois, inayounganisha kisiwa cha Noirmoutier na bara la Ufaransa, ina urefu wa zaidi ya kilomita 4 na huzama mara mbili kwa siku. Ushauri ni kuvuka ndani ya saa moja na nusu kabla ya maji kupwa hadi saa moja na nusu baada yake. Kando yake yamesimamishwa majukwaa ya kukimbilia. Kwenye barabara ya kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, nako kuna kibanda cha miguu mirefu kwa wale walioamini kwamba maji bado yako chini. Kosa lao ni moja: hutazama mwanzo wa barabara, ambao ni mkavu, wakati sehemu ya chini kabisa iko mbele, nayo huzama kwanza. Ukikuta maji yamekwisha kugusa lami, geuza. Gari la kawaida huanza kuelea kabla maji hayajafika kwenye kioo, na maji ya chumvi yakishaingia kwenye nyaya na beringi za magurudumu, hata likivutwa salama halirudi kuwa lile gari la jana.

Sasa ramani. Barabara ya pwani ni ndefu kuliko inavyoonekana, kwa sababu hufuata kila rasi na huzunguka kila mdomo wa mto hadi lipatikane daraja. Muda unaotolewa na programu ya simu uzidishe kwa moja na nusu, kisha ongeza vituo. Kilomita 120 hadi 150 kwa siku ni nyingi za kutosha. Hiyo ni kama saa tatu za usukani, na saa zilizobaki ni za miji. Afadhali kulala usiku mbili katika mji mmoja na kuupita mwingine bila kushuka. Mji uliolala usiku mbili unaupata asubuhi nzima na jioni nzima, ukauona maji yakiwa juu na yakiwa chini, na hiyo ni kama miji miwili.

Uelekeo nao una maana kubwa. Nchi ambako magari hupita kushoto, endesha bahari ikiwa kushoto kwako. Nchi za kulia, bahari iwe kulia. Ukizunguka kisiwa kizima, hiyo ni kufuata mshale wa saa katika nchi za kushoto, na kinyume chake katika nchi za kulia. Faida yake si mandhari tu. Vituo vya kusimama kutazama bahari viko upande wa maji, na unaingia na kutoka bila kukata mbele ya magari yanayokuja. Barabara nambari 1 ya California huendeshwa vizuri kutoka kaskazini kwenda kusini, na Great Ocean Road ya Australia kutoka Torquay kwenda magharibi, kwa sababu hiyohiyo. Ila kama dereva anaogopa magenge, yaani kuta za miamba zinazoshuka wima hadi baharini, mwelekeze kinyume: atakuwa upande wa mlima, na mkono wake utatulia kwenye usukani. Hilo ni muhimu kuliko picha.

Kabla ya kila sehemu ya magenge ulizia kama barabara iko wazi. Barabara zilizochongwa ubavuni mwa mlima unaoliwa na bahari chini na kuloweshwa na mvua juu hufungwa mara kwa mara, si kwa siku moja. Mporomoko wa Mud Creek wa Mei 2017 uliifunga barabara nambari 1 ya California, sehemu ya Big Sur, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Barabara ya Chapman's Peak, karibu na Cape Town, ilifunguliwa mwaka 1922, ina kona 114 katika kilomita 9, na ilifungwa mwaka 2000 hadi Desemba 2003 kwa ajili ya mawe yaliyokuwa yakidondoka. Katika pwani ya namna hiyo njia ya mbadala huenda ikawa ya saa nne kupitia bara, kwa hiyo tangi lisishuke chini ya nusu, na ramani iwe imeshushwa kwenye simu mapema, kwani mtandao hupotea mara tu unapoingia chini ya genge.

Siku yenyewe ipangwe kwa upepo. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya baharini huja kujaza nafasi. Upepo huo huanza kujitokeza saa 4 au 5 asubuhi, hukolea kati ya saa 8 na 10 alasiri, na hutulia jua likizama. Usiku hugeuka ukavuma kutoka bara, dhaifu zaidi. Kwa hiyo bahari ni tulivu asubuhi: kuogelea, kupanda mashua na kupiga picha za maji yaliyotulia ni kazi za kabla ya saa 4. Usukani uje baadaye. Mwenye mzigo juu ya paa la gari apunguze mwendo kila anapotoka nyuma ya rasi au kuingia darajani alasiri, maana upepo uliokuwa umezuiwa na mlima humpiga ubavuni bila onyo. Na ukiegesha mahali wazi, elekeza pua ya gari kwenye upepo. Mlango ukifunguliwa upepo ukitokea nyuma hutekwa mkononi na kupinda bawaba. 

Pwani zilizo kando ya mikondo baridi, kama California, Chile na Namibia, zina ukungu wake. Hewa yenye unyevu hupita juu ya maji baridi ikageuka wingu lililolala barabarani, mara nyingi usiku na asubuhi, na kwa kawaida huinuka jua likiwa kali. Huko mpangilio hugeuka: asubuhi mjini, magenge mchana. Ndani ya ukungu tumia taa za chini. Taa kali hurudishwa na matone na kukupofusha mwenyewe.

Kioo cha mbele ni sura ya peke yake. Upepo wa bahari hubeba matone madogo ya maji ya chumvi, yakikauka huacha utando usioonekana mchana. Jua la jioni likishuka mbele yako, utando huo huwaka mweupe wote na barabara hupotea. Dereva huwasha waipa. Chumvi na chembe za mchanga zilizoshikwa na mpira husugua kioo kama msasa, na mikwaruzo hiyo haifutiki. Njia sahihi ni kumwaga lita moja au mbili za maji baridi yasiyo na chumvi kuanzia juu, kuacha yateremke na uchafu, kisha kufuta kwa kitambaa safi chenye maji, halafu mipira ya waipa yenyewe ifutwe. Upande wa ndani nao hupata utando, hasa madirisha yakiwa wazi siku nzima. Tumia kitambaa kingine. Fanya hivyo kila jioni. Lenzi ya kamera na ya simu vilevile: pulizia kwanza, usifute ikiwa kavu.

Chumvi haikimbilii rangi ya gari, hukimbilia chini. Kwenye safari ya wiki mbili osha tumbo la gari kwa maji baridi kila siku tatu au nne, na siku hiyohiyo kama umepita kwenye maji ya bahari. Mpira wa bustani unatosha. Maji ya shinikizo kubwa yaliyoelekezwa kwenye beringi na viungio vya nyaya huisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Vituo vya betri vipakwe mafuta mazito ya mgando. Asubuhi utakuta diski za breki zina kutu jekundu. Hiyo hufutika kwa kukanyaga breki mara chache. Breki ya mkono ndiyo yenye hila: ikivutwa usiku kucha gari likiwa limelowa kwa chumvi, pedi hugandamana na diski. Pa tambarare egesha kwenye gia, gurudumu moja lizuiwe kwa jiwe, breki ya mkono iachwe. Na usishushe dirisha lenye mchanga kwenye mpira wake, kwani utachora kioo kutoka juu hadi chini.

Kuendesha ufukweni ni pale tu panaporuhusiwa, na kwa gari linalovutwa na magurudumu yote manne. Kwanza soma mkataba kama gari ni la kukodi, kwa sababu mikataba mingi hukataza mchanga na maji ya bahari waziwazi, na bima huishia hapo. Kisha punguza upepo wa tairi kutoka psi 32 hadi 18 au 20. Tairi hurefuka chini, uzito husambaa, na gari huelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Chini ya 15 usishuke bila sababu, maana tairi laweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona kwa ghafla. Mwendo uwe wa upole, kona ziwe pana, na breki isikanyagwe kwa nguvu: hukusanya kilima cha mchanga mbele ya magurudumu ambacho utashindwa kukipanda. Achia mafuta, gari lisimame lenyewe, na lisimame likielekea chini ya mteremko.

Mchanga mgumu ni ule uliolowa, kati ya mstari wa maji na alama ya maji kujaa. Ingia saa mbili kabla ya maji kupwa, toka si zaidi ya saa mbili baada yake. Juu ya alama ya maji kuna mchanga mkavu laini, na huko pia ndiko kasa na ndege wa pwani hutaga, pasikanyagwe. Gari likianza kuzama, acha mara moja. Magurudumu yakizungushwa mara tatu tu, tumbo la gari hukaa chini na kazi ya dakika kumi inakuwa ya saa mbili, maji yakipanda. Chimba mbele na nyuma ya kila gurudumu, toa mchanga ulioshikilia tumbo, shusha upepo hadi psi 15, tandika mbao au mazulia ya sakafuni, kisha rudi nyuma ukifuata njia yako mwenyewe, kwa kuwa imeshashindiliwa. Bila pampu ya upepo usianze kabisa safari hii: tairi la psi 18 kwenye lami kwa mwendo wa barabara kuu hupata joto na kupasuka.

Miji ya bahari haikukaa mahali ilipo kwa bahati. Imekaa nyuma ya rasi inayozuia mawimbi, au kwenye mdomo wa mto ambapo mashua hupata kina. Ukilijua hilo unaisoma kabla hujafika: tafuta kwenye ramani upande uliojificha na upepo mkuu, hapo ndipo gati lilipo, na mitaa ya zamani hutoka gatini kwenda juu. Mitaa hiyo ilipimwa kwa watu na mikokoteni. Egesha nje, ukiwa umefika kabla ya saa 10 alasiri, uingie kwa miguu. Ukifuata programu ya simu hadi mlango wa nyumba ya wageni utajikuta kwenye uchochoro unaofinyika, vioo vya pembeni vimekunjwa, na hakuna pa kugeuzia. Kama mji una kivuko, tazama gati lake maji yakiwa chini: daraja la kupandia hulala kwa mwinuko mkali, na gari refu mbele au lililopakiwa sana nyuma hukwaruza chini. Vuka maji yakiwa nusu au yamejaa.

Kwenye magenge, simama mbali na ukingo hata kama wengine wamesogea. Karibu na Port Campbell, Australia, tao la mwamba lililoitwa London Bridge lilianguka tarehe 15 Januari 1990 na kuwaacha watu wawili juu ya kipande kilichobaki baharini, wakaokolewa kwa helikopta. Mwamba huo ulikuwa ukitembelewa kila siku. Bahari hula kutoka chini, na juu pakabaki pazuri pa kusimama mpaka dakika ya mwisho. Ufukweni nako kuna hatari isiyo na sura ya hatari: mahali ambapo mawimbi hayavunjiki, maji ni laini na meusi kidogo kati ya povu la pande mbili, mtu hupaona pametulia akaingia hapo. Ni mkondo unaorudi baharini. Ukikuchukua usipigane nao. Elea, pumua, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke ubavuni mwake. Midomo ya mito isiogewe kabisa maji yanapopwa.

Jioni ya mji wa bahari ina starehe moja isiyohitaji kitu ila saa ya mkononi. Kila mnara wa taa una mwako wake, na hakuna miwili iliyo jirani inayofanana. Hesabu kutoka mwanzo wa mwako mmoja hadi mwanzo wa unaofuata, uone pia kama huja mmoja mmoja au kwa makundi. Taa ya Fastnet, kusini magharibi mwa Ireland, huwaka mara moja kila sekunde 5. Ukiwa na ramani ya bahari, ambayo huandika mwako wa kila taa, unaweza kusimama gatini usiku ukajua ile nukta ya mbali ni rasi gani, iko kilomita ngapi, na kama barabara ya kesho itapita mbele yake au nyuma yake. Halafu osha kioo, acha breki ya mkono, na usome jedwali la kesho: maji yanapwa saa ngapi, katika bandari ipi.